Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyuki Wanaoondoka Mizingani

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na suala la mavazi ya kinga limo kwenye taarifa ya katibu. Mimi naomba muda wangu niutumie kwa jambo lililotuumiza zaidi mwaka huu: nyuki kuondoka mizingani.

Simu zote zilizonifikia zilisema kitu kimoja, "Mwenyekiti, nyuki wamekimbia." Tulipofika na kufungua, tulikuta mambo mawili yasiyofanana kabisa.

La kwanza ni kundi kugawanyika. Wakati wa kipupwe mikorosho na miembe ilichanua vizuri, mizinga ikajaa. Nyuki wakibanana hujenga vyumba vya malkia, vinavyoning'inia pembezoni mwa sega kama maganda ya karanga. Malkia huchukua siku 16 tangu yai hadi kutoka chumbani. Vyumba hivyo vikishazibwa, malkia wa zamani huondoka na nyuki wengi, na wengine hubaki. Hao waliobaki ni mali yako bado. Waache bila kuwafungua kwa wiki tatu hivi, malkia mpya apandwe na aanze kutaga. Inasikitisha kwamba wenzetu kadhaa, kwa wasiwasi, waliwachungulia kila siku mpaka nao wakaondoka. Ukitaka kuzuia mgawanyiko, ongeza nafasi mapema, au ligawe kundi mwenyewe kwenye mzinga wa pili.

La pili ni kundi lote kuhama, na hapa ndipo tunapopoteza zaidi. Nyuki wetu wa Kiafrika hawang'ang'anii mahali penye shida. Ila mzinga waliouacha unaeleza kila kitu, ukiutazama kabla ya kuufagia. Kigamboni tulifungua mmoja: masega makavu, hakuna tone la asali, hakuna yai wala jana (mtoto wa nyuki aliye bado chumbani), vyumba vyote vimetobolewa na nyuki waliokwisha kuzaliwa. Hao walijiandaa. Malkia aliacha kutaga, wakasubiri watoto watoke, wakala akiba, wakaenda. Ilikuwa njaa, baada ya mvua za masika kuwafungia ndani. Maji ya sukari wakati ule yangewabakiza.

Goba ilikuwa kinyume. Asali ipo, majana yapo yametelekezwa, na kwenye mguu wa kichanja kuna mstari wa siafu unapanda. Kundi lile liliondoka kwa dharura. Paka grisi kwenye nguzo au nyaya za kuning'inizia, na fyeka majani yanayogusa mzinga. Hii ni kazi ya nusu saa.

Joto nalo tusilidharau. Wakati wa kaskazi, mzinga uliowekwa juani chini ya bati tupu ni mateso, kwani masega hulainika na kukatika. Sogeza kivulini, weka makuti juu ya bati, na beseni la maji lenye vijiti vya kutulia karibu. Bila hilo beseni, nyuki watakwenda kwenye bomba la jirani, na ugomvi utaanza hapo.

Kuhusu majirani, nimeumia sana na kundi lililotua kwenye mwembe mtaani likamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa. Kundi lililotoka kugawanyika mara nyingi huwa pole, kwa sababu limeshiba asali na halina masega ya kulinda. Lililohama kwa njaa linaweza kuwa kali, kwa hiyo asiguse mtu asiye na vazi. Lakini kuchoma si jibu. Kila mwanachama awaeleze majirani zake kabla ya msimu ujao, nyumba kwa nyumba.

Kamati inaomba mkutano upitishe mambo mawili. Mosi, mfuko wa chama ununue mbao za mizinga ya kunasia makundi ya nyuki, itakayopakwa nta ndani na kutundikwa kabla mikorosho haijachanua. Pili, kundi likitua kwa mwanachama, ampigie katibu siku hiyohiyo ili timu ifike jua linapozama, nyuki wakiwa wametulia, na litiwe kwanza kwenye mzinga wa mwanachama aliyepoteza kundi mwaka huu.