Mama, si tenki la petroli

Laramie, Wyoming, Marekani
Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mdogo wangu akusomee barua hii polepole, na ukichoka iwekeni mpaka kesho. Mimi mwenyewe sina pa kwenda. Barabara kuu imefungwa tangu jana jioni kwa upepo na theluji, na hapa kwenye kituo cha malori tumepangana kama magogo, injini zinanguruma ili tusigande. Nje ni digrii 18 chini ya sifuri. Nimevaa ile sweta uliyonifumia, na juu yake makoti mawili.

Jumapili nilipotaja tenki ulinyamaza kwenye simu. Nilidhani mtandao umekatika. Baadaye shangazi akaniambia hulali vizuri tangu usikie kanisani kwamba mwanao anaendesha tenki, na kwamba ukifumba macho unaiona Msamvu, Morogoro, ile asubuhi ya Agosti 2019. Mama, nami sijaisahau. Watu zaidi ya 100 kuteketea kwa mafuta yaliyomwagika! Ningekueleza mwenyewe mapema, usingeubeba mzigo huo peke yako. Kosa ni langu. Kwenye simu nasema "niko salama", tunahamia kwenye ng'ombe, vocha inaisha.

Basi sikiliza. Sibebi petroli. Nabeba maziwa. Safari nyingine huwa ni krimu, na nikirudi kutoka Iowa hubeba sharubati nzito ya sukari wanayoitengeneza kwa mahindi. Vyote ni vya kuliwa na kunywewa, na tenki hili halibebi kingine. Hakuna cha kulipuka.

Ninapoishi, Twin Falls katika jimbo la Idaho, ni nchi kavu iliyofanywa kijani kwa maji ya mto Snake. Kuna mazizi yenye ng'ombe maelfu, siyo hao wako watatu unaowaita kwa majina. Kiwandani maziwa hupunguzwa maji ili yasafirishwe mbali kwa gharama ndogo, ndipo naitwa mimi. Tenki ni la chuma kisichoshika kutu, lina kuta mbili na kizuia joto katikati, kama chupa ya chai. Halina friji. Maziwa yakiingia yakiwa baridi hubaki baridi mpaka mwisho wa safari. Kutoka kwangu mpaka hapa Laramie ni karibu kilomita 900, siku moja ya usukani.

Unalikumbuka lile dumu la njano? Nilikuwa darasa la tatu. Ulinituma kwa mteja na lita tano, nikachukua dumu lililokuwa karibu, nikalisuuza mara moja na kumimina. Uliponusa ukakuta harufu ya mafuta ya taa. Hukunipiga. Ulimwaga maziwa yote pale chini ya mgomba, mbele yangu, na siku ile hatukuwa na pesa ya sukari. Kisha ukanikalisha jikoni nikutazame unavyofukiza kibuyu kwa kijinga cha mzeituni pori, ukizungusha na kutikisa mpaka moshi uingie kila pembe. Ukaniambia chombo kwanza, maziwa baadaye.

Mama, kazi yangu ni hiyohiyo. Kabla ya kupakia lazima nipitie mahali pa kuoshea. Wanashusha kutoka juu kifaa kinachozunguka na kurusha maji pande zote: kwanza maji ya kawaida, kisha ya moto sana yenye sabuni kali, kisha ya kusuuza, mwisho dawa ya kuua vijidudu. Valvu ya nyuma hufunguliwa kipande kwa kipande na raba zake kusuguliwa kwa mkono, maana uchafu hupenda kujificha hapo. Wakimaliza wanafunga mfuniko wa juu na bomba la nyuma kwa sili, yaani vifungio vyenye namba, wananipa karatasi iliyoandikwa tenki lilibeba nini kabla, limeoshwa saa ngapi, kwa maji ya joto gani, na namba za sili. Bila karatasi hiyo hakuna kiwanda kitakachonifungulia geti.

Mwalimu aliyetufundisha alitusimulia jambo la mwaka 1994. Mchanganyiko wa kutengenezea aiskrimu ulisafirishwa kwa matenki yaliyokuwa yamebeba mayai mabichi, ukapelekwa kiwandani Minnesota, aiskrimu ikasambazwa nchi nzima. Waliochunguza walikadiria kuwa watu 224,000 waliugua tumbo kwa vijidudu vya salmonela. Darasa zima lilikaa kimya. Mimi nilikuwa naliona dumu la njano.

Kuna kitu nilikuficha mwaka jana, ule mwezi niliotuma pesa pungufu. Nilikuwa nimetoka kuosha tenki, nikakuta namba ya sili ya nyuma inatofautiana na ya kwenye karatasi kwa tarakimu moja. Nikampigia anayetupangia safari. Akasema ni makosa ya mwandishi tu, nenda kapakie, wateja wanasubiri. Huenda ni kweli yalikuwa makosa ya mwandishi. Lakini sikujua nani aligusa lile bomba, na maziwa yale yalikuwa ya kutengenezea chakula cha watoto wachanga. Nikakataa. Nikarudi mwisho wa foleni, nikasubiri kwa muda wa saa tisa tenki lioshwe upya, na safari akapewa mwingine. Sisi hulipwa kwa maili, Mama. Lori likisimama, malipo nayo husimama, au hupewa kitu kidogo sana. Nilikaa siku mbili bila mzigo. Niliumia, na bado naona si haki dereva alipe kwa mfuko wake kwa sababu ya kuwa mwangalifu. Ila ningerudi pale leo ningefanya vilevile.

Hata sindano za ng'ombe wanazijali kama wewe. Maziwa mabichi yakifika kiwandani hupimwa kwanza kama yana dawa. Yakikutwa nayo, lori zima linamwagwa. Nilipoona mara ya kwanza nilikukumbuka unavyowapa mbwa maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano, majirani wakikucheka.

Sasa nikueleze hatari yenyewe, kwa sababu usiponiamini katika hili hutaniamini katika yale mengine.

Hatari ni kwamba maziwa hutembea. Matenki mengi ya mafuta yana kuta ndani, zenye matundu, za kuvunja mawimbi. Langu halina hata moja, ni wazi toka mbele hadi nyuma, kwa sababu nyuma ya kuta hizo maziwa yangeganda na yasingeoshwa yakatoka. Usafi ndio unaotunyima kuta. Ukikanyaga breki, tani 22 zinakimbilia mbele, zinagonga, zinarudi nyuma, zinakuja tena. Nakuwa nimeshasimama kwenye taa, halafu nasukumwa mgongoni. Na tenki lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, maana wimbi linapata uwanja. Wewe ukichota maji mtoni unatandika majani juu ya ndoo yasicheze. Tenki langu halina majani. Majani ni mguu wangu: nakanyaga taratibu, naachia taratibu, sibadili njia ghafla, na kwenye kona ya kutokea barabara kuu, kibao kikitaja mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa mimi naingia na 35. Kibao kile kiliwekwa kwa ajili ya gari dogo. Matenki huanguka kwenye kona, Mama, na mara nyingi ni kwa haraka tu.

Ndiyo maana nimesimama hapa. Mbele yangu, kabla ya Cheyenne, kuna mlima ambao barabara yake inafika mita 2,633, pungufu kidogo ya Mandara kule Kilimanjaro ambako Baba Mdogo alikuwa akipandisha mizigo ya wazungu. Kwenye barafu wimbi la maziwa linaweza kukusogeza matairi yakiwa yamefungwa. Polisi wakiifunga barabara wengine hulalamika. Mimi hushukuru, nafunga mapazia, napika uji kwenye jiko langu dogo la umeme.

Na silazimishwi kuendesha nikiwa na usingizi. Sheria inaruhusu saa 11 za usukani ndani ya saa 14, kisha mapumziko ya saa 10 mfululizo, na kwenye lori kuna kifaa kinachorekodi kila dakika. Nyuma ya kiti nina kitanda, taa, na picha yako ukiwa na kile kibuyu kirefu.

Kingine cha kujihadhari ni wakati wa kushusha. Pampu inanyonya kwa nguvu, na ukisahau kuruhusu hewa iingie kwa juu, tenki hujikunja kama boksi la juisi mtoto anapovuta mrija. Chuma chote kile! Nilifika karibu na hilo mara moja tu, wiki yangu ya pili. Mzee mmoja Mmeksiko alipiga kelele na kuzima pampu. Tangu siku hiyo naweka funguo za lori juu ya ngazi ya tenki, nisiweze kuanza kushusha kabla ya kupanda kuangalia.

Umeniomba kupitia shangazi niache tenki nibebe kontena kama wengine. Nimelifikiria usiku kucha, sikulipuuza. Lakini hii ndiyo kazi ninayoijua kwa mikono yako, na naiogopa kiasi kinachofaa. Naomba uniruhusu niendelee.

Mdogo wangu unayesoma: najua umechoka kuwa utingo wa Tunduma na unataka kunifuata. Usitukane kazi hiyo. Hapa hakuna utingo, kila kitu unafanya peke yako, kwa hiyo jifunze mabomba, breki na matairi huko huko mpaka uvijue gizani. Leseni ya malori hapa lazima iongezwe herufi N ndipo ubebe tenki, na mtihani wake ni wa Kiingereza. Soma.

Mama, pesa nimetuma leo kwenye simu ya mdogo wangu: ada ya muhula, bati kumi za banda, na zinazobaki ni zako mwenyewe, usizigawe. Nikununulie ndoo mbili za chuma za kubebea maziwa, au zile za mwaka juzi bado hazijapinda? Niambie pia kama yule mwekundu ameshazaa.

Nitakuja Desemba. Nimeshaomba likizo.

Mimi kifungua mimba wako.