Kaka Hamisi, kuhusu ile Mauser yako

Missoula, Montana
Agosti

Kaka Hamisi,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Nimefurahi kusikia mkwe amekuachia Mauser yake, ile bunduki ya zamani ya Kijerumani. Hilo uliloniandikia la maganda ya risasi kung'ang'ania kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ukishapiga lisikukatishe tamaa, bunduki za umri ule huwa na mambo yake. Itume huku. Mzee ninayefanya naye kazi ni fundi wa bunduki mwenye leseni, na amezishika Mauser 98 kama hiyo yako tangu ujana wake. Ila usingoje Oktoba. Kwenu Texas msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, na kila mwaka wiki chache kabla ya hapo karakana inajaa mpaka pa kukanyaga hapaonekani.

Sheria kwanza, maana naona ndiyo inayokutia wasiwasi. Serikali kuu inamruhusu mtu wa kawaida kutuma bunduki ndefu, ya begani kama hiyo yako, kwa fundi mwenye leseni, hata akiwa jimbo jingine, na Posta wanaipokea. Bastola ni habari nyingine kabisa, usichanganye. Kampuni kubwa za vifurushi siku hizi hazitaki silaha ya mtu asiye na leseni, basi usipoteze muda kwao. Kazi ikiisha, sheria hiyo hiyo inamruhusu fundi kukurudishia wewe mwenyewe.

Lile uliloniuliza, la kumtumia shemeji yako Oklahoma halafu ibaki kwake, hapana. Lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni wa huko kwao, naye ndiye amkabidhi. Ukitaka kujua ugumu huu ulianzia wapi, ni hapo jirani yako. Machi 1963 Lee Harvey Oswald alikata kuponi kwenye jarida, akajiandikisha kwa jina la uongo la A. Hidell, akaagiza duka la Chicago bunduki ya Kiitaliano ya Carcano, ya bolti (kile chuma unachokivuta nyuma kwa mkono kufungua chemba) kama yako. Dola 21.45, nauli ndani yake, na mzigo ukamfuata kwenye sanduku la posta Dallas. Novemba Rais Kennedy akauawa kwa bunduki hiyo, hapo hapo Dallas. Sheria ya mwaka 1968 ndiyo iliyokomesha biashara hiyo ya kuagiza bunduki kwa barua ikakufikia nyumbani.

Sasa kufunga. Wiki iliyopita nilifungua boksi la mteja ambaye kwa maneno yake alikuwa “ameifunga vizuri”. Mdomo wa mtutu ulikuwa umeshatoboa katoni na kuchungulia nje. Kitako kilikuwa vipande viwili, kimevunjika pale penye kiuno, nyuma ya triga, mahali unapokizungushia kiganja. Mbao pale ni nyembamba, na chuma chote kizito kiko mbele yake. Boksi likiangushwa kwa upande wa kitako, mtutu unasukuma na kiuno ndicho kinachokatika. Kwa hiyo unapofunga usiwaze boksi likiwa limelala kwenye gari. Waza likidondoka kwa kichwa kutoka juu ya rundo.

Kabla ya yote, risasi zote ziondoe kwenye chumba unachofungia, uzipeleke chumba kingine. Elekeza mtutu mahali salama, vuta bolti nyuma, fungua kifuniko cha chini cha magazini, pale risasi za akiba zinapokaa, kisha angalia chemba kwa macho na uingize kidole kidogo uhakikishe ni tupu. Usitegemee macho peke yake. Risasi haziruhusiwi kwenye Posta hata moja, kwa hiyo kama utaituma na mkoba wa bunduki wa mkwe, kagua na mifuko yake. Wazee husahau vitu humo.

Bolti itoe. Kwenye Mauser kuna kizuizi upande wa kushoto, nyuma: kivute nje kwa kidole gumba huku ukirudisha bolti, itatoka nzima. Ifunge peke yake kwa plastiki ya vipovu, uiweke ndani ya boksi lile lile lakini mbali na mbao. Usiibakishe nyumbani kwa kudhani ndiyo usalama zaidi. Bolti na chemba hupimwa pamoja, na bila hiyo mzee hana la kufanya.

Darubini ya kulengea, kama ipo, ifungue ubaki nayo. Utailenga upya baadaye, hilo halikwepeki, lakini ni afadhali kuliko ipinde njiani. Mtutu upake mafuta kidogo sana. Mdomo wake uzibie kwa kipande cha mbao laini au katoni iliyokunjwa mara nyingi, na upande wa kitako weka kinga nene zaidi. Kasha gumu la plastiki likiwepo, weka humo, halafu kasha liingie kwenye boksi la katoni la kawaida lisilo na picha wala neno la bunduki. Ukishafunga, litikise kwa nguvu. Ukisikia chochote kinagonga, fungua uanze tena.

Ndani weka karatasi yenye jina lako, anwani, simu, tatizo lenyewe na nakala ya leseni yako ya udereva, kwa sababu mzee lazima aandike kitabuni nani kaleta nini. Piga picha namba ya bunduki na hali ya mbao kabla ya kufunga. Kata bima, omba mpokeaji asaini, na boksi ulikabidhi mwenyewe kaunta.

Nitakutumia nakala ya leseni ya mzee kesho, uwe nayo mkononi Posta wakikuuliza. Nawe ukishapata namba ya kufuatilia mzigo nirushie siku hiyo hiyo. Jumatatu tunafunga, kwa hiyo tuma mwanzoni mwa wiki, Jumanne ikiwezekana, lisije likalala ghalani mwisho wa juma.

Msalimie shemeji na watoto. Mwambie mkubwa bado namdai ile jezi.

Ndugu yako,
Idi