Mheshimiwa Waziri wa Nishati, bomba limefika ila pampu hazijatufikia

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, saa nane na robo usiku, kwenye foleni ya kujaza gesi hapa Dar es Salaam. Mbele yangu nimehesabu magari 31, bajaji sikuzihesabu. Dereva aliye mbele yangu amelaza kiti, miguu kaitoa dirishani. Foleni ikisogea namgongea bodi, anaamka, anashuka na kulisukuma gari kwa mkono ili asiwashe injini, kisha anarudi kulala.

Nilikopa kwenye kikoba nikafunga mfumo wa gesi. Sijutii, kwa sababu gesi ni nafuu kuliko petroli na nikishatoa hesabu ya bosi nabaki na kitu cha kupeleka nyumbani. Lakini naishi Chanika, pembezoni mwa jiji, natumia gesi kuifuata gesi. Na nikiikuta, magari yakiwa yamejaza mfululizo presha inakuwa imeshuka: mtungi wa kujazwa kwa presha ya bar 200 unaishia nusu. Jioni inanibidi nirudi. Hapo ndipo foleni inapozaa foleni, maana gari moja linapanga mara mbili kwa siku.

Gesi tunayo. Ya Songo Songo imeanza kutumika tangu 2004, Mnazi Bay ikafuata, na mwaka 2015 bomba kutoka Mtwara likafika Kinyerezi, hapa hapa Dar, likiwa na uwezo wa kusafirisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Kinachokosekana mjini ni mashine za kushindilia gesi iingie kwenye mitungi, na vituo vya kujazia.

China nayo ilikumbwa na shida kama hii mwaka 2017, tena ina fedha kuliko sisi. Ili kusafisha hewa ya Beijing, kaya nyingi za kaskazini zilihamishwa kutoka makaa ya mawe kwenda gesi. Majiko yaling'olewa, kwingine mabomba yakiwa bado, na baridi ilipokaza gesi haikutosha. Huko Hebei kuna wanafunzi waliotolewa darasani wakasomea nje, juani, kwa kuwa ndani kulikuwa na baridi zaidi. Desemba serikali ikaruhusu makaa yatumike tena. Naumia nikiwaza watoto wale, kwa sababu wazazi wao walitii walichoambiwa.

Sisi nasi tuliambiwa tufunge gesi, tukafunga. Naomba idadi ya magari yanayofungwa mfumo kila mwezi itangazwe pamoja na idadi ya pampu zinazofanya kazi, na vituo vipya vianzie pembezoni tunakoishi madereva. Bajaji nazo zipewe pampu yao. Mitungi yao ni midogo, wanajaza haraka, hawastahili kukesha nyuma ya malori.

Foleni imesogea. Acha nishuke nisukume.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Dereva wa teksi, Chanika