Tuzibe maboma kabla ya kudai fidia

Mhariri,

Mnamo Mei 2023 simba kumi waliuawa katika muda wa wiki moja eneo la Amboseli, Kaunti ya Kajiado. Miongoni mwao alikuwa Loonkiito, dume la miaka 19, na sita waliuawa Mbirikani baada ya kula mbuzi 11 na mbwa. Ukame ulikuwa umekwisha, swala na pundamilia wamepata nguvu tena, na simba walipokosa windo jepesi porini wakageukia mifugo. Hali hiyo itarudi kila ukame utakapoisha, na kila mara tunachokimbilia kujadili ni fidia.

Fidia ni haki. Lakini Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inasema kuwa mfugaji ambaye hakuchukua hatua za kuridhisha kulinda mifugo yake halipwi. Kwa hiyo hata anayewaza malipo peke yake hana budi kuanza na boma.

Boma la miiba huvunjwa na ng'ombe wenyewe. Simba haoni haja ya kuruka. Hupita upande unakotoka upepo, ng'ombe wakinusa harufu yake wanataharuki, wanabomoa ua na kukimbilia nje, ambako huwakamata. Chui hupitia juu na kushukia mbuzi. Fisi hujipenyeza chini, pale ambapo mchwa wamekula matawi. Ndiyo maana kuongeza miiba kila mwaka hakutoshi, mbali na kwamba tunamaliza migunga yetu.

Kinachofaa ni wavu wa waya wa futi sita au zaidi. Ukingo wake wa chini ufukiwe futi moja, au uwekewe mawe mazito kuzunguka boma zima. Nguzo ziwe kila mita mbili hadi tatu, na zile za kona ziegemezwe kwa mihimili ya mshazari, kwa sababu kundi likisukuma kwa pamoja huanza kung'oa kona. Nguzo za plastiki iliyorejelewa haziliwi na mchwa. Huko Simanjiro, Tanzania, wafugaji wamefunga wavu kwenye miti hai ya osilalei, mti unaochipua tawi lake likipandwa, na hilo linafaa kuigwa hapa. Matawi manene kama mkono yakatwe kabla ya mvua, yaachwe kivulini siku chache hadi utomvu ukauke yasije yakaoza, kisha yapandwe futi mbili ardhini. Waya ufungwe bila kukazwa, maana shina litanenepa.

Halafu lango. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea: mtu ananunua wavu mzuri, kisha usiku anaziba mlango kwa tawi. Fisi haangalii ua ulivyo imara, anatafuta penye upenyo. Lango liwe la mabati ya mapipa yaliyonyooshwa juu ya fremu imara, lenye bawaba na komeo, na nafasi ya chini isizidi upana wa kiganja. Mbuzi, kondoo na ndama walale katika zizi la ndani, katikati ya boma.

Taa za kumetameta, zile alizobuni Richard Turere akiwa mtoto kando ya Mbuga ya Nairobi, husaidia zikitunzwa. Ziangalie nje, na ziwake kwa kupokezana kama mtu anayetembea na tochi. Taa inayowaka bila kubadilika simba huizoea. Paneli ya sola isipofutwa vumbi, betri huisha usiku wa manane, saa ambayo inahitajika zaidi. Mbwa pia ni walinzi wazuri, ila wachanjwe: ugonjwa wa distempa, unaobebwa na mbwa, uliua takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994.

Kuna mifugo ambayo haifiki bomani kabisa. Wahesabiwe jioni kabla ya giza, na aliyepotea atafutwe siku hiyo hiyo. Vijana wa Lion Guardians, shirika linalowatumia morani kulinda simba na mifugo, wamefanya kazi hiyo Amboseli tangu 2007.

Mnyama akiuawa, mzoga usisogezwe. Ufunikwe, upigwe picha pamoja na nyayo, kisha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, waitwe mara moja. Wayo wa simba hauonyeshi kucha, wa fisi unaonyesha. Bila ushahidi huo dai hukwama. Na tafadhali, mzoga usitiwe sumu. Huua tai na mbweha ambao hawakugusa mbuzi wako, na mbwa wako pia.

Ombi langu kwa serikali ya kitaifa na ya kaunti ni kwamba bajeti ya wanyamapori iwe na fungu la waya, nguzo na malango, mfugaji achangie kazi na sehemu ya gharama ili boma liwe lake na alitunze. Maafisa wakague maboma kabla ya mvua, wakianzia na malango, na taarifa ya ukaguzi iwekwe kwenye faili la mfugaji ili akipatwa na hasara baadaye asiulizwe tena kama alichukua hatua.

Mfugaji, Kajiado