Kahawa yetu haikuletwa na Bwana DC

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu usemi ninaousikia kila msimu wa kuchuma, kwamba sisi wa Kilimanjaro "tulipewa kahawa" na Mzungu mmoja, Charles Dundas. Nina miaka 74, nimezaliwa Kilema na nimezeekea Kilema, na usemi huo unaniuma.

Kahawa ilikuwapo hapa kwa mapadri wa misheni tangu enzi za Mjerumani, na wazee wengine walikwisha kuotesha miche vihambani, yaani kwenye mashamba yao ya migomba ya nyumbani. Alichofanya Dundas alipokuwa DC wa Moshi, baada ya Vita ya Kwanza, ni kukataa kuwazuia watu, tena akawahimiza wapande zaidi. Hilo si dogo, namheshimu kwa hilo. Walowezi walimjia juu. Walidai mibuni yetu italeta magonjwa mashambani mwao, na kwamba kahawa yao itaibwa na kuchanganywa na yetu. Marehemu babu alikataa kabisa maelezo hayo. Walichoogopa, alisema, ni kukosa vibarua: mwenye mibuni yake chini ya migomba yake ataamka alfajiri kwenda kumchumia nani? Upande wa pili wa mpaka, Kenya, walowezi walisikilizwa, na Mwafrika akazuiwa kupanda arabika mpaka miaka ya 1930.

Lakini Dundas alikuwa mtumishi wa serikali iliyotaka kodi, na mwenye kahawa ana pesa ya kodi. Tusimfanye malaika.

Walioziba midomo ya walowezi ni wakulima wenyewe. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association), rais wake akiwa Joseph Merinyo, wakajipanga kununua dawa na pampu na kupambana na wadudu. Pampu ya babu ninayo hadi leo, imetundikwa stoo. Ni ya shaba, imeota ukijani kwenye maungio, na mkanda wake ni wa ngozi ya ng'ombe, alioushona mwenyewe wa kwanza ulipokatika. Ikijaa maji sikuweza kuinyanyua nikiwa kijana wa miaka 15. Yeye aliibeba mgongoni kihamba kizima, mbuni kwa mbuni.

Basi mkiandika tena habari za Dundas, naomba jina la Merinyo liwekwe kwenye aya hiyohiyo.

Mkulima wa kahawa,
Kilema, Moshi Vijijini