Mama, huku sijapungukiwa na kitu

Mama shikamoo. Baba na bibi nao nawaamkia, wadogo zangu nawasalimia wote. Mi mzima wa afya, hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Juzi kwenye simu nilipokwambia mkataba wa kazi umeisha na hawajauongeza ulinyamaza, halafu ukaniuliza taratibu "sasa umebaki na nini mwanangu?" Nlitaka nikujibu pale pale ila machozi yalikuwa karibu na ungedhani nalia shida, ndo maana nimeona niandike.

Nimebaki na Yesu Mama. Najua tunaitikia hivyo kanisani kila siku mpaka maneno yamezoeleka, ila ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Wiki ile kazi ilipoisha nlikuwa napanga vitu kwenye begi nikalikuta daftari langu la maombi, lile la jalada la bluu nililoondoka nalo nyumbani. Nikakaa sakafuni nikaanza kulisoma toka ukurasa wa kwanza, miaka minne yote imo mle. Nipe kibali, nipe kazi, nipe chumba, bosi anipende, waniongezee mshahara. Mengi alinijibu kweli, pembeni nimeweka vema na tarehe. Lakini kila baada ya vema linakuja ombi lingine kubwa kuliko lile la kwanza, yani nlikuwa nashiba jioni naamka na njaa ile ile, na nilipofika ukurasa wa mwisho ndo nikaona hamna hata mstari mmoja nilipomwomba yeye mwenyewe. Hata mmoja Mama. Miaka minne nimegonga mlango, napokea kifurushi naondoka, mwenye nyumba simwangalii usoni.

Usiku ule sikulala, nikafungua Wafilipi. Ule mstari wa "nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" tumeutumia sana kabla ya mitihani na intavyuu kama vile hayo mambo yote ni kushinda tu. Ukisoma mistari miwili ya juu yake Paulo anayataja mwenyewe, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Njaa imo humo humo kwenye mambo yote! Na anaandika akiwa kifungoni, anawashukuru wale ndugu kwa zawadi waliyompa Epafrodito ampelekee, zawadi anaifurahia kabisa ila anawaambia hasemi kwa sababu ya uhitaji, maana amejifunza kuwa radhi. Amejifunza. Basi hata mimi naweza kufundishwa.

Mchungaji wetu wa huku alitueleza lile neno la kuwa radhi kwa Kigiriki ni autarkes, kwamba Wastoiki, wale wanafalsafa wa Kigiriki wa zamani, walilitumia kwa mtu anayejitosheleza, ambaye furaha yake haitegemei kitu cha nje. Paulo kalichukua neno lao lakini nguvu yake inatoka kwa mwingine, kwa yule anayemtia nguvu. Hapo ndo niliposhikwa, kwa sababu mi nimeishi huku kwa kujikaza, na kujikaza kunaonekana kama utulivu kwa watu wa nje huku ndani moyo umekauka.

Na hata kuwa na vingi kunataka kufundishwa, hilo watu hawalisemi. Ule mwaka nilioongezewa mshahara, mkafurahi wote, ndo mwaka ambao daftari lina kurasa chache kuliko yote.

Mwambie kaka meseji yake nimeipata, ile ya kwamba ningekuwa na imani ya kutosha kazi isingeisha. Najua anaongea kwa upendo, ila asome Habakuki sura ya 3 mwishoni, mtini hauna maua, mashamba hayatoi chakula, zizini hamna ng'ombe, na mtu bado anasema atamfurahia Bwana. Huyo imani imempungua wapi? Mi naona ndo imani yenyewe, kwa sababu hamna kitu kingine kilichobaki cha kumfurahisha isipokuwa Mungu.

Ila msije mkadhani nimekata tamaa au nimekaa tu naimba. Kazi naitafuta, naamka mapema natuma maombi, na kuomba naomba. Paulo aliomba mara 3 ule mwiba uliomtesa mwilini utolewe na hakukemewa kwa kuomba, Bwana alimwambia neema yangu yakutosha. Mi pia zipo siku nalia, jana tu nimelia. Lakini nikijibiwa hapana siku hizi inauma halafu inapita, zamani ilikuwa inanibeba na mimi. Mwezi huu nikituma kidogo mnivumilie, sijawasahau.

Daftari nimenunua jipya. Ukurasa wa kwanza nimeandika ombi moja tu, nikujue wewe. Sijaweka nafasi ya vema pembeni.

Jumapili mkitoka ibadani ntapiga. Naomba jioni hii ukae na bibi umsomee Zaburi ya 23, ile aliyonisomea kwa kichwa usiku wa kuondoka akiwa ameshika mikono yangu yote miwili. Pale kwenye "sitapungukiwa na kitu" usimalizie Mama, mwachie aseme yeye, na umwambie mjukuu wake huku anaisema naye.

Mwanao