Mwanangu, umebakiza vidonge vingapi?

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo, ila mimi jana sikupata usingizi. Dada yako ameniambia kwamba dawa ya kifua uliyoandikiwa umeiacha njiani, na alipokuuliza ukamjibu kwamba habari za seli na bakteria "ni nadharia tu", kwa kuwa mhadhiri wenu amesema nadharia yoyote ya sayansi inaweza kukanushwa. Huenda ni homa iliyosema. Mimi nakuandikia nikidhani umesema ukiwa na akili zako timamu.

Mhadhiri wenu kasema kweli. Karl Popper, mwanafalsafa wa sayansi, aliliandika hilo mwaka 1934: dai lisilo na namna yoyote ya kukanushwa halina nafasi katika sayansi. Nimefurahi, sikufichi, kusikia kwamba unasikiliza darasani. Lakini umesikia "inaweza kukanushwa" ukaelewa "imekanushwa". Paa la nyumba hii linaweza kuanguka. Je, tumehamia nje?

Tena nadharia ya seli imekwisha kutikiswa, na vipande vyake vingine vimeanguka. Schleiden, mtaalamu wa mimea, alisema mwaka 1838 kwamba mimea imejengwa kwa seli. Mwaka uliofuata Schwann akasema hata wanyama. Hapo walipatia. Lakini waliamini pia kwamba seli mpya hujitunga zenyewe, mfano wa chumvi inavyoganda kuwa fuwele, na hapo walikosea kabisa. Remak alichunguza viinitete akaona seli zikigawanyika, na mwaka 1855 Virchow akatangaza kwamba kila seli hutokana na seli. Kosa likatolewa, jengo likabaki. Wanafunzi hukariri sentensi zile tatu, kwamba kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli, kwamba seli ndiyo kipande kidogo kabisa chenye uhai, na kwamba kila seli hutokana na seli, kana kwamba zilishuka siku moja. Ndivyo zilivyoandikwa ubaoni miaka yote niliyoshika chaki, na aliyeuliza zaidi aliambiwa muda umekwisha.

Kuna kisa ambacho ningependa ukiulizie huko chuoni. Mtafiti Golgi alibuni namna ya kutia rangi neva zionekane kwenye hadubini, akashikilia kwamba neva zote ni wavu mmoja ulioungana. Mtafiti mwenzake Cajal akatumia rangi ileile akaona kila neva ni seli inayojitegemea. Mwaka 1906 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, na Golgi katika hotuba yake akaendelea kumpinga mwenzake. Miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ikaonyesha mwanya kati ya neva na neva, Cajal akathibitika. Kisha mwaka 2023 watafiti wakaonyesha kwamba ktenofora mmoja, mnyama laini wa baharini, ana wavu wa neva ulioungana kweli bila mwanya anapokuwa mchanga. Hakuna aliyetupa nadharia ya seli kwa sababu yake. Tumejua tu kwamba mpaka wa seli haujanyooka tulivyodhani, kama tulivyojua zamani kwamba uzi mmoja wa msuli una viini vingi, ilhali seli ya kawaida ina kimoja.

Ukitaka kuiangusha nadharia hii, nakuunga mkono, mwanangu. Niletee mchuzi uliochemshwa ukakingwa vizuri, kama ule wa mwanasayansi Pasteur uliobaki bila vijidudu, halafu seli zichipuke humo bila kuingiwa na kitu. Hapo nitakaa chini na kufikiri upya. Lakini kuchoka kumeza vidonge si jaribio.

Na lile swali lako la seli ya kwanza ilitoka wapi, ulilouliza usiku ule nikakwambia ukalale, lilikuwa swali zuri. Sentensi ya Virchow inahusu seli tunazoziona zikizaliana leo; juu ya chanzo chenyewe inanyamaza, na watu wazima wenye maabara wanaendelea kuhangaika nalo. Nilikuwa na madaftari sitini ya kusahihisha.

Turudi kwenye dawa. Dada yako alinisomea jina lililo kwenye pakiti, ni ya ukoo wa penisilini. Dawa hizo huzuia bakteria kujenga ukuta wa seli yake mpaka ipasuke. Seli zako hazina ukuta huo, ndiyo sababu dawa inaweza kupita mwilini mwako ikaliacha pafu salama. Virusi naye hana seli kabisa, kwa hiyo dawa hiyo haimfanyi lolote. Mtu asiyejua seli ni nini angewezaje kuutafuta udhaifu huo? Ndiyo nadharia tu unayoisema, na wewe una akili kunizidi, ndiyo maana nimekasirika.

Mlango wa chumba chako nimeupiga randa, haukwami tena. Bomba la uani bado linavuja. Fundi aliahidi kuja, hakuja. Mama yako anauliza kama ulichukua mkasi mkubwa, maana ametafuta kila droo. Mdogo wako amehamishia vitabu vyake kwenye meza yako na nimemruhusu, usimgombeze. Ile hadubini yangu ya zamani nimeifuta vumbi, lenzi moja ina ukungu lakini nyingine ni safi, ukija uichukue. Nilipaswa kukupa mapema.

Dada yako anasema vimebaki tisa. Vihesabu mwenyewe, umpigie daktari aliyekuandikia umwambie umeruka siku ngapi, ufanye atakavyosema. Kisha uniandikie leo hii hii, usingoje wikendi.

Baba yako